Bamba la Theluji kwenye Matope ya Ruai

Mtu akiniuliza chombo cha kusukuma theluji kinatafuta nini Nairobi, humjibu kwamba theluji yetu ni nyeusi na inatoka chini. Nakaa Ruai, ndani kidogo ukiacha barabara ya Kangundo, kwenye ule udongo mweusi ambao ukinywa maji huvimba, na ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Barabara ya kuingia mtaani kwetu iliwahi kumwagiwa muramu. Kila mvua ndefu zikija, malori ya mawe na mchanga huushindilia muramu huo chini, matope yakapanda juu. Aprili ya 2024, mambo yalipochacha nchi nzima, watu wa bodaboda walikuwa wanakushusha kwenye lami na kukuambia, "Hapo mbele ni miguu yako, mkubwa."

Greda tunakodi tukiweza. Chama cha wakazi huchanga kwa tabu, greda huja, huparuza asubuhi moja, huondoka, na baada ya mvua chache tumerudi pale pale. Barabara ya udongo haitaki kutengenezwa kwa kishindo mara moja kwa mwaka. Inataka kupanguswa kidogo kidogo, mara nyingi, na mtu anayekaa karibu nayo. Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia trekta yangu ya bustani kwa jicho lingine: niifungie mbele bamba la kusukumia theluji, lisukume matope.

Ni Wheel Horse C-120 ya miaka ya sabini. Niliinunua Karen kwa familia iliyokuwa inavunja nyumba irudi kwao, na mpango wangu wakati huo ulikuwa kukatia nyasi tu. Injini ni Kohler K301, silinda moja, ujazo wa cc 476, nguvu ya farasi 12. Mkanda mmoja unatoka kwenye injini, na kuanzia hapo ni gia tupu za chuma hadi ekseli ya nyuma: sita za kwenda mbele, mbili za kurudi nyuma. Kampuni iliyoiunda ilianzia South Bend, jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1946. Mji huo uko karibu na Ziwa Michigan, na upepo wa baridi ukivuka ziwa hilo huzoa unyevu ukaumwaga nchi kavu kama theluji, tena nyingi. Waliobuni trekta hizi walijua mteja wao atakata nyasi wakati wa joto, halafu baridi ikiingia atafungua deki ya kukatia, afunge bamba mbele, asukume theluji mlangoni ili gari litoke. Mashine moja, kazi za mwaka mzima. Ndiyo maana chasi yake ni nzito kuliko nyasi zinavyohitaji, na ndiyo maana inanguruma hadi leo.

Bamba la kiwandani bado linapatikana Marekani kwa watu wanaouziana vyombo vya zamani. Nilipiga hesabu ya kulileta kwa meli hadi Mombasa, kulitoa bandarini na kulipandisha Nairobi, nikaona bei ya usafiri ingenunua vyuma vya mabamba matatu. Basi nikaanza kusoma jinsi wenyewe wanavyojitengenezea nyumbani. Wengi hutafuta tangi kuukuu la kuchemshia maji, wakalipasua kwa urefu, na nusu moja inakuwa bamba lenye mkunjo tayari. Kwao inatosha. Theluji iliyoanguka leo ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikikaa na kushikana inaweza kufika kilo 300 hivi. Udongo wetu ukilowa unakaribia kilo 1,800. Kwa hiyo bamba lile lile likijaa matope ya Ruai limebeba karibu mara ishirini ya kile alichokifikiria mtu wa Indiana alipolichora.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu baadaye, ingawa si kwa namna ambayo majirani walitarajia. Kila aliyepita langoni akaniona na tepu ya kupimia alikuwa na ushauri mmoja: weka chuma kinene. Bamba la milimita kumi, wengine wakasema kumi na mbili. Lakini chuma kinene ni uzito unaoning'inia mbele ya trekta ambayo mbele yake ni nyepesi, na bamba lenyewe si mahali ambapo vyombo hivi huvunjika. Huvunjika pale vinapofungwa. Swali la kwanza kabla hujagusa chuma ni nguvu ya kusukuma inatoka wapi na inapita wapi mpaka ifike kwenye tope.

Inatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Ukifunga bamba lako kwenye pua ya trekta, kila jiwe unaloligonga linapigana na sehemu ya mbele ya chasi, ambako ekseli imeshikwa na pini moja katikati na injini imekalia bolti zake. Chasi inageuka kuwa fimbo ya kusukumia, kazi ambayo haikuumbiwa. Mabamba mazito ya kiwandani ya trekta hizi yalikuwa na fremu ndefu iliyopita chini ya tumbo la mashine hadi nyuma, ikashikwa kwenye ekseli pale pale nguvu inapozaliwa. Huku mbele fremu hiyo inaning'inia tu, inainuliwa na kushushwa. Ukiielewa picha hiyo moja, mengine yote ni upimaji na subira.

Nilichukua michoro yangu hadi Kariobangi, kule Light Industries, kwa mzee mmoja anayetengeneza trela na mashine za kukatakata majani ya ng'ombe. Sikuwahi kuifungua bahasha. Alichukua chaki akachora mstari mrefu sakafuni, halafu duara kubwa upande mmoja na duara dogo upande wa pili.

"Hii ni trekta. Nguvu iko huku," akapiga mshale kwenye duara kubwa. "Sasa wewe unataka kufunga wapi?"

Nikaweka kidole kwenye duara kubwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Haya. Tunaweza kuongea. Wengine wananiletea mashine wananiambia, mzee, chomelea hapo kwenye bampa."

Kijana wake wa kazi aliposikia ni bamba la theluji alitaka kujua kama watu wa hali ya hewa wamesema kitu. Mzee akamkumbusha Busara, karibu na Nyahururu, Septemba 2008, mvua ya mawe ilivyofunika mlima ukawa mweupe pe, watu wakamiminika kuangalia. "Siku hiyo hata ningekuwa na bamba," akasema, "nani angenilipa?"

Alichosisitiza kwanza ni kadibodi. Nilitafuta boksi la friji, nikalala chini ya trekta na kisu na penseli, na kila kipande cha fremu kikakatwa kwa karatasi kabla ya chuma. Hapo ndipo mambo ambayo mchoro hauonyeshi yanapojitokeza. Magurudumu ya mbele yakikatwa kona hadi mwisho yanaingia ndani kuliko unavyodhani, na yatagusa fremu yoyote pana. Kizibo cha kumwagia oili kiko chini, na usipokiachia nafasi utakuwa unafungua fremu nzima kila unapobadilisha oili. Sehemu ya kukanyagia miguu nayo ina vyuma vyake. Kwenye kadibodi unarekebisha kwa mkasi. Kwenye chuma unarekebisha kwa grainda, na kila ukikata na kuunga upya unaacha mahali pa kupasukia.

Fremu ikawa mabomba mawili ya mraba ya milimita 50, yakikimbia sambamba chini ya trekta, yakiunganishwa na vipande vya kukingama mbele na katikati. Nyuma tulihitaji masikio ya kuyashika. Mimi nilidhani tutachomelea. Mzee aligonga kasha la ekseli kwa nyundo ndogo, likatoa sauti ya kufifia, akatikisa kichwa. Ni chuma cha kumimina. Ukikipiga moto upande mmoja ghafla, kinapopoa hupasuka, na ufa wake unaweza kukaa kimya mwezi mzima kabla ya kufunguka. Kwa hiyo hakuna tone la kuchomelea lililogusa trekta yenyewe. Tulitumia yubolti za springi za pikapu, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, tukabana mabamba madogo ya milimita kumi kila upande, na fremu ikashikwa hapo kwa pini nene zenye klipu. Nikitaka kuivua natoa pini mbili nyuma na mnyororo mmoja mbele, trekta inarudi kukata nyasi. Tena siku nikiiuza, anayeinunua ataikuta kama ilivyotoka kiwandani, jambo ambalo wapenzi wa vyombo vya zamani wanalijali kuliko bei.

Bamba lenyewe ni la milimita nne, lililopindwa kwenye roli huko Industrial Area. Tulilegeza mkunjo kidogo kuliko wa mabamba ya theluji, maana theluji inatakiwa ijiviringishe na kurukia pembeni, na matope hayaruki. Nyuma yake tulichomelea mbavu tatu za wima, na hizo ndizo zinazolipa nguvu. Upana ni sentimita 107, na hapa usikadirie kwa macho. Bamba hili halisukumi likiwa limenyooka. Mara nyingi limegeuzwa digrii 30 kulia au kushoto ili udongo umwagike upande mmoja. Likigeuzwa hivyo, upana unaobaki mbele ya trekta ni sentimita 92 hivi. Upana wa trekta yangu, ukipima ukingo wa nje wa gurudumu hadi ukingo wa nje wa lile lingine, ni pungufu ya hapo kidogo. Lingekuwa na sentimita 95, likigeuzwa gurudumu lingekuwa linapanda juu ya kile ambacho halijasafisha, na trekta ingeinama upande kila mara. Lingekuwa pana zaidi, matope yangeishinda injini. Ule ushauri wa kutengeneza kubwa ili umalize haraka ni wa theluji.

Kwenye ukingo wa chini, ule unaokula ardhi, nilikuwa nimebeba springi ya lori, jani moja refu, nikijua ni chuma kigumu. Mzee hakuikataa ila aliuliza itashikwaje. Springi ina kaboni nyingi. Ukiichomelea kwa rodi za kawaida, chuma kilicho kando ya mshono kinakuwa kigumu kisichopindika, na jiwe la kwanza linakivunja kwa mstari ulionyooka. Inawezekana kwa rodi maalumu na kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole, lakini ukingo huu unalika na utabadilishwa, sasa kwa nini uuchomelee? Akanituma kwa wauza vyuma chakavu nikatafute ukingo wa greda uliotumika. Niliupata umelika upande mmoja, upande wa pili bado, na matundu yake ya mraba yako tayari. Tukaukata kwa urefu wetu na kuufunga kwa bolti ambazo kichwa chake kinazama ndani ya tundu, ili udongo usipate pa kushika. Ni chuma ambacho kimewahi kulima barabara za watu wengine, na bado kina miaka.

Sasa springi za usalama. Bamba la theluji halifungwi wima likakaza. Linakaa kwenye bawaba iliyo chini ya katikati yake, na springi zinavuta sehemu ya juu nyuma ili lisimame. Ukingo wa chini ukigonga kitu kisichosogea, chini kunarudi nyuma, juu kunaanguka mbele, bamba linapita juu ya kile kitu, kisha springi zinalirudisha. Kule kwao wanagonga kingo za vibaraza na vifuniko vya mashimo vilivyofichwa na theluji. Sisi tuna mawe ya msingi yaliyodondoka kwenye malori na visiki vya mgunga. Mwendo wenyewe ni wa mtu anayetembea, lakini trekta na dereva ni uzito wa kutosha kumrusha mtu kifua kikagonga usukani kama bamba halina pa kukimbilia.

Springi za kuvuta za ukubwa huo hatukuzipata. Za kubana zipo tele, kila fundi wa bodaboda ana rundo la springi za nyuma za pikipiki. Tulipitisha fimbo ya chuma kutoka juu ya bamba kwenda nyuma, ikapenya kwenye kipande cha fremu, springi ikavaa fimbo hiyo upande wa nyuma na nati kubwa ikaifungia. Bamba likivuta fimbo mbele, springi inabanwa. Ni kazi ile ile kwa njia ya kinyume, na ina faida moja ambayo zile za kiwandani hazina: springi ikivunjika haina pa kurukia, imeshikwa na fimbo. Nati ndiyo inayopima ugumu. Nilianza nayo ikiwa imelegea, bamba likawa linainama kila likikutana na tope zito, nikaikaza zamu baada ya zamu mpaka likawa linasimama kwa tope na kusalimu amri kwa jiwe.

Viatu vya kando navyo usiviache. Ni visahani viwili nyuma ya bamba, vinavyotelezea ardhini na kuuinua ukingo kiasi unachotaka. Kwenye theluji vinazuia bamba lisizoe kokoto za njia. Kwangu vina kazi nyeti zaidi: mabomba ya maji. Mtaani kwetu kila nyumba imevutiwa bomba lake la plastiki likivuka barabara, na mengine yamezikwa shubiri moja tu chini. Wakati wa kiangazi hujui yalipo. Baada ya mvua muramu umeliwa, unaona mgongo mweusi wa bomba umechungulia. Nilikata visahani kutoka kwenye diski kuukuu ya plau, nikaviwekea mguu wenye matundu, na kila nikikaribia mahali ninapojua pana bomba nashuka, naviteremsha tundu mbili, napita juu juu. Anayefanya kazi hii bila kwanza kuzunguka kwa miguu na kuchomeka vijiti vya alama atawakosesha watu maji, na kwa jinsi maji ya Ruai yanavyokuja kwa zamu, hilo ni kosa la kuhamisha mtu mtaa.

Kunyanyua bamba ni kwa wenzo, mkono mrefu wa chuma. Upande wangu mkono una mita moja, upande wa bamba sentimita 20, kwa hiyo kilo 50 zinanijia kama kilo kumi. Kati ya mkono na bamba nimeweka mnyororo, sikuweka fimbo. Mnyororo unavuta juu lakini hausukumi chini, na hiyo ndiyo nia: bamba linaelea, linapanda na kushuka na ardhi kwa uzito wake lenyewe. Fimbo ingeliegemeza bamba ardhini, kila tuta likawa linanyanyua magurudumu ya mbele, na trekta isiyogusa chini mbele haina usukani.

Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyohitaji uzito. Wamarekani hujaza maji kwenye matairi, ila inabidi wachanganye na chumvi ya kalsiamu au kitu kingine kisichoganda, la sivyo maji yatakuwa barafu ndani ya tairi. Hapo ndipo Nairobi inatulipa: maji ya bomba tu. Tairi la ukubwa wa langu linachukua karibu lita 18, kwa hiyo umepata kilo 36 chini kabisa, mahali ambapo hazikupindui kwenye mteremko. Fundi wa pancha alinitazama kwa huruma niliposema nataka tairi lijazwe maji, akafanya hata hivyo, valvu ikiwa juu ili hewa itoke. Kuongezea hapo, nilisubu saruji ndani ya beseni mbili za plastiki zikiwa na bolti zimesimama katikati, nikazifunga kwenye rimu. Na kwa vile tairi zenyewe ni za nyasi, laini, nilizivika minyororo. Sitaielezea, kila aliyewahi kupeleka pikapu shamba wakati wa mvua anaijua.

Injini ilinipa somo la jiografia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Farasi 12 wa South Bend wanafika hapa wakiwa kama 10. Halafu kabureta iliyowekwa kwa hewa nzito ya chini inamwaga petroli nyingi kwa hewa yetu nyepesi, plagi inakuwa nyeusi, moshi unanuka. Kabureta za Kohler hizi zina skrubu ya kupunguza mafuta, na kuigeuza kidogo kidogo injini ikiwa na mzigo kulirudisha uhai ambao sikujua umepotea. Kwa kukata nyasi usingegundua. Kusukuma udongo kunaanika kila kitu.

Sasa tope lenyewe. Hapa hakuna mchoro wa Indiana unaokusaidia. Theluji unaisukuma inapoanguka, mapema iwezekanavyo, kabla haijashikana. Tope letu ukilisukuma likiwa bichi unalipaka tu. Linapanda kwenye bamba, linanata, linajaza mkunjo mpaka bamba linakuwa ukuta wa udongo unaosukuma udongo, na magurudumu ya nyuma yanachimba mashimo mapya huku unajiona unafanya kazi. Likikauka kabisa nalo, ukingo unateleza juu yake kama juu ya saruji, maana bamba linaloelea halina uzito wa kuchimba. Kati ya hapo na hapo kuna muda mfupi, mara nyingi asubuhi ya pili baada ya mvua kukatika kama jua limewaka. Kipimo changu ni kukanyaga: kiatu kikitoka na tope, ngoja, kikiacha alama isiyo na maji na kisibebe kitu, washa injini. Muda huo hautangoji uwe na nafasi. Nimewahi kuomba ruhusa ya saa mbili kazini kwa sababu ya udongo, na nikasema hivyo hivyo.

Kunata nako kuna dawa kiasi. Niliwahi kupaka grisi, ikaondoka kabla sijafika kwenye lango la pili. Rangi ya kung'aa inasaidia ikiwa mpya. Kilichodumu ni plastiki: nilipasua pipa la bluu la lita 200, nikakata karatasi ya ukubwa wa bamba, nikaifunga kwa bolti za vichwa bapa. Hata watengenezaji wa mabamba ya theluji wana mengine yenye uso wa plastiki kwa sababu hiyo hiyo. Udongo bado unashika, lakini ukinyanyua bamba na kuliachia ghafla unadondoka kwa bonge, badala ya kukung'ang'ania mpaka ushuke na koleo.

Na usisukume tu ili pawe safi. Nilitazama greda kwa makini lilipokuja: halifukuzi udongo, linaurudisha katikati. Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo, yaani kwa kila mita moja kutoka katikati kwenda ukingoni ishuke sentimita nne hadi sita, ili maji yakimbilie mtaroni yasikae. Kwa hiyo napita kingo kwanza, bamba limegeuzwa kuelekea katikati, nikirudisha ule muramu ambao magurudumu ya malori yaliutupa pembeni. Tabaka jembamba, narudi, jembamba tena. Trekta ya farasi kumi haiwezi tabaka nene, na nashukuru, kwa sababu ingeweza ningekuwa nimeifukua barabara nzima. Mitaro yenyewe bado ni jembe na koleo, na vijana wawili wa mtaa ambao chama huwalipa.

Lalamiko la kwanza lilikuja hata kabla sijazima injini. Bamba lililogeuzwa linaacha tuta refu la udongo upande mmoja, na tuta hilo halijui lango la nani liko wapi. Katika nchi za theluji ni ugomvi wa kila mwaka: mtu amesafisha mlango wake kwa jasho, bamba la barabarani linapita linamfungia tena. Kwangu ulikuja kwa sauti ya mama mmoja wa nyumba ya kona, amesimama langoni na leso begani.

"Baba, umetutengenezea barabara, Mungu akubariki. Sasa mimi nitatokaje?"

Tangu hapo, nikikaribia lango nageuza bamba, au nalinyoosha na kubeba mzigo mpaka nimepita. Inapunguza kasi, na inabidi kushuka kila mara kutoa pini ya kugeuzia bamba na kuirudisha. Ningekuwa naanza upya ningevuta waya wa kugeuzia kutoka kwenye kiti, kama walivyofanya baadhi ya wale wa kule.

Mzee wa Kariobangi alikuja Jumapili moja kuona. Hakuangalia barabara. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akakaza nati moja ambayo niliona imekaza, akauliza ile kadibodi iko wapi. Kuna mtu wa Kamulu ana trekta ya bustani ya aina nyingine, anataka bamba kama hili. Nilimpa kadibodi, nikamwambia fremu itabidi ipimwe upya kwa sababu tumbo la mashine ile si hili, na kwamba mteja wake akianza kudai bamba la milimita kumi, amlete kwangu kwanza.